Kusikia

Umeme umekatika Umoja, mtaa mzima giza totoro,
simu yangu imebakiwa na asilimia kumi na tisa,
na Sidi, huko kwake Roysambu, hana usingizi. Anaandika:
"Ukakasi una rangi gani?"

Kijani, najibu bila kufikiri.
Kijani cha ndizi iliyokatwa mkunguni mapema,
ile inayokukamata ulimi ukasahau jina lako.
Mutheu anakataa. Yeye ni fundi cherehani Ngara;
ukakasi kwake ni poliesta ya bei rahisi
inayokwaruza ukucha: kwaruu.
Nani amekuuliza habari za kucha? anasema Sidi,
lakini tumeshahamia shombo.

Shombo ni neno lenye magamba,
ukilitamka lazima unawe mikono.
Na uvundo? Uvundo una kitambi,
umekaa kwenye kiti chako na hauna haraka ya kwenda.
Ganzi: mguu wako umejaa soda.
Mimi naleta mwasho, na dakika nzima
hakuna anayeandika, wote wanajikuna.

Ndipo Otuoma, aliyekuwa akisoma tu tangu Jumapili
bila kutia neno:
"Nyinyi mnacheza. Pua yangu bado haijarudi."

Tangu ile homa ya Aprili.
Chai kwake ni maji moto yenye rangi.
Mkate na sabuni wamekuwa ndugu.
Juzi alikunywa maziwa yaliyochacha, glasi nzima,
akamshukuru aliyempa.

Kimya, ji.
Sidi anaandika, anafuta, anaandika.
"Chagua kitu. Tutakuletea."

Anachagua mvua.
Si mvua yenyewe, anasema, hiyo naiona.
Ile dakika ya matone ya kwanza
vumbini, pale Barabara ya Jogoo,
kabla watu hawajaanza kukimbia.

Neno lake ni lipi? Hatulijui.
Mutheu anamuuliza mamake; mamake anamwambia alale.

Najaribu mimi: chungu kipya kilichomwagiwa maji.
"Chungu nikione wapi, mtoto wa Pumwani?"
Sidi: sarafu uliyoishika njia nzima
ulipotumwa dukani, halafu ukafungua kiganja.
"Karibu. Ongeza."
Mutheu: kaptura ya shule, pindo limebeba vumbi la mwaka,
nainyunyizia maji, naikandamiza pasi, fyuuu,
na vumbi linaamka kama mtu aliyeitwa jina.
Hajibu.
Asilimia saba.

Sidi, akikasirika, huandika kwa vina:

Harufu ya kitunguu, kikiungwa mafutani,
Hupanda ngazi kwa guu, ikabisha mlangoni,
Jirani wa huku juu, akatoka kitandani,
Akauliza jamani, leo mwapikia nani?

Mutheu anahesabu mizani kwa vidole. Zimetimia.
"Lakini hiyo si mvua," namwambia.
"Najua. Mvua imenishinda."

Nakaa gizani nikiifikiria lugha hii yetu
ambayo haikuipa pua kitenzi chake pekee.
Harufu tunaisikia, kama hodi.
Baridi tunaisikia, uchungu tunausikia,
hata usingizi. Sikio linafanya kazi za watu wengine
na hakuna aliyewahi kuliongeza mshahara.

Asilimia tatu. Otuoma anaandika:
"Nasikia."

Wote watatu, kwa pamoja: "Nini?"

Nukta tatu zinarukaruka,
zinapotea,
zinarudi.

"Njaa."

Halafu picha, ya mwisho kabla simu yangu haijazima:
saa sita na robo usiku, jiko la gesi, kisu,
kitunguu kimekatwa vipande visivyolingana,
na Otuoma macho mekundu ndu, mashavu yamelowa chepechepe.
Chini yake ameandika:
ni kitunguu tu, msianze.